Insha Niliyoandika Juu ya Papa

Jumanne, 5 Machi 1968

Maître Karangwa, avoka, yaani wakili wetu, ametoka Bukavu kwa kesi ya Papa. Alimkuta uani akiambua maharage pamoja na Mama. Papa hakuficha kikapu. Mimi ningekificha!

Tangu mgodi wa Walikale ulipomwangukia mgongoni, miaka miwili sasa, Papa hawezi kuinama. Kampuni inasema amepona, hastahili pansheni ya kilema. Maître anasema barua ya daktari inatosha. Ijumaa hakimu atasikiliza. Ukumbi hakuna — watakaa darasani kwetu.

Darasani! Insha yangu imebandikwa ukutani pale.

Jumatano, 6 Machi

Kichwa cha insha, kwa Kifaransa: Mon père, Baba yangu. Nimeandika kwamba Papa analima kilima kabla ya jua kupanda, na anabeba gunia la maharage hadi soko la Bihambwe. Mwalimu alilisomea darasa zima insha hiyo.

Nilidanganya kwa sababu ya wavulana wa darasani wanaonicheka. "Mutoto wa mama wawili!" Ati Papa anamenya mihogo jikoni kama mwanamke.

Leo nilibaki nyuma ili niibandue. Mwalimu akaingia, akanisifu tena. Nikasema merci. Nikatoka.

Ijumaa, 8 Machi

Watu wakimsubiri hakimu, karani wa kampuni alizunguka akisoma kuta. Akasimama. Akang'oa karatasi yangu polepole. Hakimu alipoketi, akaisoma kwa sauti, kisha akasema kwa Kifaransa:

"Monsieur le juge, mtoto wake mwenyewe ndiye anayeshuhudia. Kilema gani anayebeba gunia?"

Watu walicheka hadi madirishani. Papa hajui Kifaransa. Alisikia jina lake likisomwa, akatabasamu.

Maître alinitazama mara moja tu. Kesi imeahirishwa hadi Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa Maître aliniita pembeni. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Anataka kesho nisimame, niseme nilidanganya, kisha nieleze kazi ambayo Papa anafanya kweli kila siku. Yote. Hata mihogo. Mbele ya mwalimu na wale wavulana! Nilisema ndiyo, nadhani hakusikia.

Jioni Papa akasema: "Banasema uliandika miye muzuri. Nisomee."

Nakala imo daftarini. Nilimsomea, nikigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye gunia, mikono yake iliacha kuambua maharage.

"Gunia nzima?"

"Ndiyo, Papa."

"Mupaka Bihambwe?"

"Ndiyo."

Akaokota ganda moja. Halafu: "Kesho usiambie batu kama ni uongo. Acha nibakie vile uliandika."

Mama alitua kikapu kwa kishindo. "Na batoto batakula nini, Papa Céline? Ile karatasi?"

"Céline mwenyewe njo atasema," Papa akajibu.

Sasa wote wawili wamenigeukia. Nimeinamia daftari hili, naandika, naandika tu, ili nisiinue macho —