Udhuru wa Siku Kumi na Mbili

Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni nesi wa kuwafuata wagonjwa majumbani, nina miaka ishirini na sita, naomba unisaidie kabla sijaumbuka, maana shimo nimelichimba mwenyewe na sasa nimo ndani yake hadi shingoni.

Nina mgonjwa wangu mmoja, mzee aliyestaafu kufundisha udereva, ana kisukari na kidonda cha mguu, na daktari amemkataza kabisa kufunga Ramadhani hii, naye amekubali ingawa kwa kununa, basi kila siku saa sita mchana nampitia, nasafisha kidonda, nampima sukari, namchoma sindano ya insulini, na hapo inabidi ale papo hapo, lakini mzee akijua umefunga hali chakula mbele yako hata umpigie magoti, anasema kumtafunia mfungaji ni utovu wa adabu. Siku ya kwanza aliniambia, "Tangulia tu mwanangu, nitakula ukishaondoka," nikatangulia, kumbe nimesahau kipimajoto, niliporudi nikamkuta anatokwa jasho, mikono inatetemeka, chakula hakijaguswa kwa sababu jirani, naye mfungaji, alikuja kumjulia hali, nikamnywesha maji ya sukari.

Kesho yake, ili ale, nikamnong'oneza mkewe kwamba mimi sifungi, nina udhuru wa kike, bibi akampa mumewe ishara, mzee akachangamka akamaliza sahani, nami nikafurahi. Kosa langu ni kufurahi. Tangu siku hiyo bibi, ambaye mwenyewe amefunga na hubaki jikoni mumewe akila, ananiwekea na mimi sahani, na mimi nimefunga, mshauri, sijaacha hata siku moja, kwa hiyo mzee akigeuka kuchukua chumvi mimi natia kipande cha samaki mkobani, na mkoba umeshaanza kunuka, paka wa mtaa mzima wananisindikiza hadi kituoni.

Leo ni siku ya kumi na mbili ya udhuru wangu. Bibi, ambaye ni fundi cherehani na hakosei hesabu ya hata kifungo, amenivuta jikoni akasema, "Mwanangu, udhuru gani huu usioisha? Utabaki na damu kweli?" Jumatatu anataka kunipeleka mwenyewe kwa daktari wa mumewe, ambaye ndiye bosi wangu. Mzee naye kaambiwa, ananitazama kwa huruma na sahani anaimaliza kwa taabu. Nikisema ukweli hatakula, nisiposema Jumatatu hiyo inakuja. Nifanyeje?

Nesi Mwenye Mkoba

---

Marahaba, nesi wangu. Nimecheka hadi miwani ikadondoka, kisha nimeivaa tena ili nikugombeze vizuri.

Ulitaka mzee ale, akala, hilo nakupa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nawe umeshafika mwisho wake. Bibi wa watu anahangaika na ugonjwa usiokuwepo, na chakula alichokipika akiwa na swaumu kinaishia kwa paka. Huoni haya? Na siku ile mgonjwa alipotetemeka, ulimwambia nani kazini? Barua yako imenyamaza hapo, nami nimeuona ukimya huo. Kesho asubuhi, kabla ya sindano yoyote, mweleze daktari. Ukimweleza wewe, utakuwa nesi aliyekosea. Akielezwa na bibi, utakuwa kichekesho cha mwaka mzima. Na kama saa za sindano zinaweza kubadilishwa, ni yeye wa kusema, si wewe wala mimi.

Ukitoka hapo, anza jikoni. Sema, "Bibi, mimi mzima, nilidanganya, nisamehe." Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake, na akimaliza atashukuru kwamba una damu ya kutosha.

Kwa mzee, magoti weka kando. Humjui bado. Huyo si mkaidi, ni mtu wa adabu, na mtu wa adabu habembelezwi, anapewa wajibu. Muulize, mwanafunzi akigoma kukanyaga breki kwa kumwonea haya mwalimu, angemfanyaje? Kisha mwambie wazi: "Sindano hii bila chakula inaweza kukuua, na mkono uliochoma utakuwa wangu. Usinibebeshe hilo nikiwa na swaumu." Na kuanzia kesho usichome mpaka sahani iko mezani na kijiko kimo mkononi mwake, na usiondoke mpaka amekula. Jirani akija, asubiri sebuleni.

Atakula, nakuhakikishia, ila atabaki na donge, maana mwenyeji kula peke yake mgeni akitazama ni jambo zito. Mtoe donge hilo. Jialike futari kwao, jioni yoyote wiki hii, usingoje kuitwa. Yeye mchana amekula mbele yako. Na wewe jua likizama ule mbele yake, sahani nzima, akikuangalia.

Na mkoba uache nyumbani.