Shimo la Mti Kule Munigi

Mama Neema wangu,

Nakuandikia nikiwa bado naweza. Daktari ameacha kunidanganya. Binti yetu ameshawaambia wadogo zake kwamba nitazikwa Munigi, kando yako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa maana sijui uko wapi.

Unakumbuka siku uliponikatiza nikisahihisha madaftari, kule jikoni kwetu Mabanga, hapa mjini Goma? "Mwalimu, uko unafundisha watoto ya watu kila siku. Mimi utanifundisha lini? Ile moto ya mulima inatoka wapi?"

Nikakueleza kwamba mwamba ulio chini sana una joto la kutosha kuyeyuka, ila uzito ulio juu yake unaukandamiza ubaki mgumu. Hapa kwetu ardhi inavutwa pande mbili na kuwa nyembamba. Uzito ukipungua, mwamba huanza kuyeyuka bila kuongezewa moto, kisha hupanda, kwa kuwa ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka.

Ulikoroga maharagwe, ukacheka. "Njo kusema ni kama mama wa kilio. Watu wakiwa wengi nyumbani, anajikaza. Wakienda, njo analia."

Katika ualimu wangu wote sikupata mwanafunzi aliyenijibu vile.

Nikachukua jiwe lako la kusagia, ulilokuja nalo kutoka Masisi ulipoolewa, nikakuonyesha chembe zake zinazong'aa. Hilo lilipoa polepole ndani ya ardhi, chembe zikapata muda wa kukua. La Goma hupoa upesi juu ya ardhi, hubaki jeusi, limejaa vitundu vya gesi.

"Ya kwetu ilivumilia," ukasema kwa majivuno. "Ya kwenu iko na haraka, kama watu ya Goma."

Uasi ulipofunga barabara, wewe ukiwa mgonjwa kitandani, dawa hazikufika. Tukakuzika Munigi, kwenye shamba la baba yangu, nami nikapanda mkaratusi kichwani pako. Miaka ikapita, mlima ukapasuka, na moto ukamwagika juu ya shamba. Ulipopoa, hapakuwa na mpaka wala njia. Lilibaki jiwe jeusi. Lakini nilijua jambo moja: lava ikikutana na shina bichi, huganda upesi kulizunguka. Mti huungua, shimo la mviringo hubaki. Nikalitafuta lako, nikaliona, nikawaita watoto. Tangu hapo tumepeleka maua pale, na Neema alipoolewa alitumbukiza humo picha yake ya harusi, upate kumwona.

Siku moja mwenye shamba la jirani alinikuta nimepiga magoti. Alicheka hadi akashika tumbo. "Mwalimu! Uko unalilia muti yangu ya avoka!" Alipouona uso wangu akavua kofia. "Pole, papa. Nilizani unajua."

Kumbe shimo lile lilikuwa la mparachichi wake, si la mkaratusi wako. Nikakimbilia upande wetu. Wapasua mawe walikuwa wameshaondoa tabaka lote la juu, na mashimo yote yamekwenda nalo. Labda lako liko ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu hapa Mabanga.

Sikuwaambia watoto. Neema alikuwa ametoka kumpoteza mumewe katika vita vingine, na mahali pekee alipoweza kulia ni pale.

Sasa waasi wako mjini tena. Wadogo zake wako mbali, hawatafika. Asubuhi aliniuliza akinilisha uji, "Papa, mama atafurahi kukuona, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Nimefundisha maisha yangu yote, na somo langu la mwisho ni uongo huo.

Wachimba kaburi watapasua jiwe kwa nyundo na mitaimbo, watafika kina cha magoti, watachoka. Nitalala juu ya jiwe, wewe chini yake, mahali nisipopajua, na jiwe hilo halitayeyuka tena kwa ajili yetu. Wageni watakapoondoka, Neema atabaki peke yake kwenye shimo la avoka, na hapo ndipo atalia. Ukimsikia, msogelee kama unaweza. Mimi sitaweza kukuonyesha njia.

Niliyekupoteza mara mbili,
Baba Neema