Zimwi Lenye Pengo Langu

Lusajo,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo kabla sijaingia kwenye maneno ya msibani, maana wewe uliyachukia na mimi siyawezi. Mtu mwenye akili zake anapanda lori la majani ya chai wakati mvua imelainisha kilima chote, tena anakaa juu kabisa ya mzigo? Lilipoanza kuserereka wenzako wawili waliruka. Wewe, nimeambiwa, ulikuwa umelikumbatia begi la madaftari lisilowe. Basi hongera, halikulowa.

Tulikuzika kwenu Kawetele Jumatano. Jeneza linashushwa, kijana mmoja wa stendi akauliza nyuma yangu, wala sauti hakuishusha, "Kumbe ndiye yule Simika?" Wenzake wakacheka. Nikataka kumgeukia nimzabe kofi, mkono ukakataa. Jina hilo nilikupa mimi.

Habari hii unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike, sijawahi kuitamka mbele ya mtu. Vitu vya nje viliporuhusiwa kuingia nchini, baba mdogo akaleta televisheni na deki kutoka Dar, akafungua ukumbi wa video Ibighi, nyuma ya cherehani za baba. Mimi nikawa mkalimani, nusu natafsiri, nusu natunga. Wewe ulitembea kutoka Kawetele kila Jumapili kukaa benchi la mbele, na ulizipenda zile picha za mazimwi ya moto, ya kale kuliko watu, yanayotoka ardhini yakiwaka. Siku moja ukaniambia, "Hamisi, hata sisi tuna mlima uliowahi kuwaka. Zimwi letu liko wapi?" Wiki iliyofuata ukaja na kaunta buku.

Zimwi lako liliitwa Mwamoto. Nilicheka mpaka machozi. Nikakuuliza, zimwi gani lina jina kama karani wa kijiji? Ukasema limelala chini ya Rungwe tangu kabla ya wafalme, basi lina haki kuliko sisi ya kuwa na jina la ukoo. Halina mdomo, ukasema, wala halimchukii mtu, lina njaa tu. Mimi nikajifanya mjuzi. Nikakwambia adui wa hadithi lazima azungumze, lazima akujue kwa jina, kwa sababu zimwi lisilokujua ni ajali tu. Ukayaandika maneno hayo pembeni ya ukurasa. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Halafu ukaniachia daftari nikusahihishie Kiswahili, kwa kuwa wazee wangu walitoka pwani nawe uliuamini ulimi wangu. Shujaa wako Kisa, binti wa mfua vyuma, anapanda mlima peke yake, mikono imeungua, anasimama mbele ya Mwamoto kutamka neno pekee linaloweza kumuua. Zimika. Ila nyumbani kwenu z haina kazi, s ndiyo inayofanya yote. Ukaandika kama mnavyosema: "Simika!" Masikini binti wa watu. Kapanda mlima mzima kwenda kulizima zimwi, badala yake analisimika kitini kama chifu.

Ilitosha mkwaruzo mmoja wa kalamu. Mimi nikaingoja Jumapili. Kati ya picha ya kwanza na ya pili nikasimama na daftari lako mbele ya ukumbi mzima, nikakohoa, nikasema, "Mabibi na mabwana," nikausoma ukurasa ule kwa lafudhi yako. Lafudhi ya mama yako hasa, maana ndiyo iliyochekesha zaidi. Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Nilipoona wanacheka nikarudia, nikarudia tena. Wewe ulikuwa pale pale mbele. Hukuondoka. Ulikaa mpaka picha ya pili ikaisha, ukachukua daftari lako, ukaniambia, "Asante kwa kunisahihisha." Nikadhani unatania.

Kuanzia sokoni mpaka stendi ukawa Simika. Ukaacha kuja mjini, nikasikia uko kwenye chai. Sikukufuata. Ningekufuata niseme nini?

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu ulipoondoka. Matanga yalipokwisha mama yako aliniita. Akanipa lile begi, akasema, "Hamisi, wewe ndiye rafiki yake wa kusoma. Nisomee, nijue mwanangu alikuwa anafanya nini." Hajui, Lusajo. Hukumwambia! Miaka yote ile ulimficha kwamba rafiki yako niliwachekesha watu kwa mdomo wake. Akapika mbalaga, zile ndizi za kwenu, akaita majirani zake, nikasoma. Wote walisogea karibu, hata watoto. Hadithi yako ni nzuri, na inaniuma kuiandika sentensi hii.

Nikafika daftari la mwisho. Mwamoto ana mdomo sasa, na Kiswahili chake kimenyooka. Hachomi nyumba ya mtu. Anawaita watu uwanjani mmoja mmoja, anakohoa, anasema, "Mabibi na mabwana," kisha anarudia maneno ya mtu kwa sauti ya mtu huyo huyo, wenzake wanacheka, na yule anayechekwa anawaka moto kuanzia ndani. Ana pengo juu kushoto. Lile langu, ulilonitia wewe kwa jiwe tukigombea parachichi! Na lile kosa hukulifuta, ukalifanya kuwa hadithi yenyewe: Kisa anasema "Simika" kwa kukusudia, kwa sababu mji wote unamtaka Mwamoto kitini, unampigia makofi.

Nikayaruka yote hayo. Nikalivika zimwi lako pembe na jicho moja, takataka za video, na kikohozi nikakimeza. Mama yako akasema, "Simwi hili lina roho mbaya, lakini mwanangu alilijua fisuri." Akanishika kichwa, akanishukuru kwa lugha ya kwenu. "Ndaga fijo, mwanangu."

Tangu hapo kila Jumamosi nakula kwenu. Ananipakulia kwenye sahani yako. Koti lako la mvua amenipa, nalivaa, linanibana mabegani. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, unajua, na hakuna aliyewahi kuniwekea chakula akanisubiri mlangoni. Ndiyo maana nimenyamaza wiki saba. Nilitaka mambo yabaki hivyo mpaka nizeeke.

Lakini juzi aliniuliza, "Simwi lile mwishowe lilikufa?" Hukufika huko, daftari linaishia Mwamoto yuko kitini. Akasema, "Basi malisia wewe. Wewe ulikuwa unampenda." Sikuweza kula tena.

Siombi unisamehe. Umekufa, huwezi, na ungekuwa hai nisingekuja kuomba, tusidanganyane. Ninakuahidi hili tu. Jumamosi nitapanda Kawetele, nitalivua koti lako nilitundike, nitakaa karibu na mlango penye mwanga. Nitasoma daftari la mwisho kama ulivyoliandika, bila kuruka. Nikifika kwenye pengo nitainua uso nimtazame mama yako, mdomo ukiwa wazi.

Lala, Lusajo. Jumamosi mama yako atajua amekuwa akimpakulia nani.

Hamisi