Msiba wa Fundi Geti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani. Kazini anafahamika kama Mama Faili.
Jinsia na umri: mwanamke, miaka 51.
Kazi: karani wa Mfuko wa Wachomeleaji.
Makazi: nyumba za nyuma ya soko la vyuma, mlango wa nne.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuwa karani wa Mfuko kwa miaka kumi na mmoja. Mfuko ulianzishwa na wachomeleaji wenyewe, kwa ajili ya wenzao walioungua, waliopofuka au waliozeeka bila mtu wa kuwatazama. Marehemu mume wangu alikuwa mchomeleaji, na alipofariki Mfuko ndio ulionistiri.

Mnamo Jumatatu tarehe 6 mwezi huu, saa tatu asubuhi, alifika ofisini mpwa wa Fundi Geti. Ni mtu mzima, muuza vipuri vya baiskeli. Fundi Geti tunamwita hivyo kwa sababu hakuna mtaa hapa mjini usio na geti lake. Cheche zilimmaliza macho, na kwa miaka sita amekuwa akiishi na mpwa huyo.

Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisema, "Mama, mjomba ametutoka." Nilimuuliza ni lini, akasema alfajiri ya siku hiyo, na kwamba wanamsafirisha kijijini siku hiyo hiyo. Kwa kawaida sisi hutoa jeneza na gari. Yeye aliomba apewe fedha mkononi kwa kuwa safari ni ya haraka. Nilimpigia simu mwenyekiti, naye akaridhia. Mpwa alitia saini bila kusoma, nami nikadhani ni uchungu. Nilimpa maji, hakuyanywa.

Mwenyekiti wetu alifundishwa kazi na Fundi Geti tangu hajui kushika koleo. Alifunga karakana yake siku mbili. Katika siku hizo alitengeneza kibao cha kaburi cha chuma, chenye maneno FUNDI GETI, MWALIMU WETU, herufi zote akizichomelea mwenyewe. Tulikubaliana tukipeleke nyumbani kwa marehemu ili ndugu wakifikishe kijijini.

Alhamisi tarehe 9, saa nne na robo asubuhi, tulifika pale kwa pikapu: mwenyekiti, mimi na fundi mwenzetu mmoja. Hatukuona waombolezaji. Jirani aliyekuwa akianika nguo alitutazama tulivyovaa, akauliza kuna nini. Mwenyekiti akabisha hodi.

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Karibuni. Sukumeni kwa chini, mlango unakwama."

Ilikuwa sauti ya Fundi Geti. Yule fundi mwenzetu alirudi kinyumenyume mpaka ndani ya pikapu, na hakushuka tena hadi tulipoondoka.

Tulimkuta Fundi Geti ameketi kwenye stuli, anachambua nati za baiskeli kwa vidole na kuzigawa kwenye mikebe. Alimtambua mwenyekiti kwa kikohozi, akafurahi sana, akalalamika kwamba tumemsusa. Mwenyekiti alikitua kibao chini kikalia. Fundi akauliza tumemletea chuma gani. Akanyoosha mkono, akaanza kupapasa herufi moja baada ya nyingine. Alichukua muda.

Alipomaliza, alirudisha kidole nyuma akasema, "Hii G imeungua pembeni. Umeme ulizidi, au ulikuwa unalia?"

Mwenyekiti akasema, "Nilikuwa nalia, Mwalimu."

Kisha Fundi akaniuliza yeye amekufa siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akasema Jumatatu alikula vizuri tu. Hakucheka, nasi hatukucheka.

Saa tano kasoro robo mpwa aliingia na mkate mkononi. Alipotuona hakukimbia. Aliuweka mkate mezani, akatoa mfukoni kadi ya hospitali na stakabadhi, akanipa mimi. Fedha zote alikuwa ameshazilipa hospitali. Ilikuwa ni upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, Jumatatu tarehe 13.

Alisema, "Mama, barua tatu nimekuletea za macho ya mjomba. Kila mara unaniambia kuna foleni. Nikaona kwenu anayekufa ndiye asiyepanga foleni."

Mwenyekiti alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Aliporudi alisema Mfuko si mali yake wala yangu, akapiga simu kituoni. Askari walifika saa sita mchana wakamchukua mpwa. Fundi aliomba naye apandishwe kwenye gari. Akaambiwa yeye si mtuhumiwa. Akasema basi yeye ni nani katika kesi hii.

Afande ameniuliza kama barua hizo zilinifikia. Zilinifikia. Foleni si uongo, mbele yake walikuwapo watu kumi na tisa. Kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mara mbili wajumbe hawakutimia. Barua ya tatu sikuiweka mezani kabisa. Niliona inarudia maneno yale yale, nikaitia kwenye droo. Mwenyekiti hajui. Atajua akisoma hapa.

Jana Ijumaa kamati ilikutana, na safari hii wote walifika. Imeamua kutoidai hospitali fedha hizo. Mwenyekiti mwenyewe atampeleka Fundi hospitali Jumatatu saa moja asubuhi. Kuhusu mpwa, kamati imeliacha suala hilo mikononi mwa polisi.

Nimeeleza niliyoyaona na niliyoyafanya, kwa hiari yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA MPOKEAJI: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, Jumamosi tarehe 11, saa nne hadi saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nimemsomea shahidi, akakiri kuwa ni sahihi, isipokuwa mahali pamoja nilipokuwa nimeandika kwamba mpwa "aliiba". Shahidi alisema neno hilo hakulitamka. Nilirudi kwenye daftari langu nikakuta kweli hakulitamka. Nimelifuta, naye ametia saini pembeni.