Kesi ya Kiwanja Iliyongoja

Mjukuu wangu Zubeda,

Salaam kutoka Kibuli. Mamako hajambo, leo ametuletea samaki wa Ggaba. Unauliza kwa nini najivunia kesi ambayo haikusikilizwa.

Wakati wa utawala wa wanajeshi, afisa mmoja alimshtaki baba yangu akitaka kiwanja chetu hiki. Kisha polisi wakamfungulia baba kesi ya jinai, eti ameghushi hati ya kiwanja hicho kwa mkono wake. Baba hakujua kuandika; kila karatasi alitia dole gumba. Alitaka kulisema hilo palepale kwenye kesi ya kiwanja. Nikamshika mkono, maana afisa angelisikia mapema angetafuta mashahidi wa uongo. Nikasimama mimi, binti wa miaka kumi na tisa.

“Mheshimiwa, kesi ya kiwanja ingoje ile ya jinai iishe.”

Afisa alinikazia macho, bastola kiunoni. Hakimu akainama, akaandika kwamba ingoje.

Miezi ya kungoja sitaisimulia. Kwenye kesi ya jinai, baba alipewa kalamu aandike jina lake. Aliishika kama mwiko wa kusongea posho. Akaachiwa, na afisa hakurudi tena kudai kiwanja.

Tangu hapo, baba alipopokea wageni hakusema “karibuni kwangu.” Alisema, “Karibuni kwa Hawa.”

Bibi yako,
Hawa