Ramani ya Nyayo za Bibi

Jumamosi, 5 Julai
Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Naliandika kwa penseli ili niweze kulifuta. Leo mchana nilimchoma bibi kisigino kwa ncha ya bikari. Alikuwa amelala mkekani, mguu mmoja nje ya khanga. Sikutaka kumuumiza. Nilitaka kujua. Lilitoka tone moja la damu. Hakuamka. Hata kidole hakikucheza.
Na ni bibi huyuhuyu ambaye kila jioni anatia miguu kwenye beseni la maji ya ziwa, akisema inawaka moto. Anasema ni kama mtu anampangia makaa katikati ya vidole. Sasa mguu unaowaka moto unakosaje kusikia chuma? Nimeandika swali hilo nyuma ya daftari la Baiolojia.

Jumanne, 8 Julai
Vyungu vimepasuka tena motoni. Saba kati ya kumi. Bibi anafinyanga tangu kabla mama hajazaliwa, na watu wa Kyela walikuwa wakiuliza sokoni, "Hivi ni vya Mama Lugano?" kabla ya kununua. Udongo anaukanyaga mwenyewe, pekupeku, macho kafumba. Changarawe ndogo kama punje ya ulezi alikuwa akiikuta kwa unyayo na kuitoa kwa vidole vya mguu bila kuinama. Ikibaki moja tu, chungu hakitoki salama.
Nilivunja vigae kimoja kimoja. Karibu kila penye ufa pana kijiwe. Bibi havisikii tena.
Mama Subi, jirani yetu, alisema mbele ya wanawake wote: "Mama Lugano, wewe umekanyaga kitu. Katazamwe kwa mganga."
Bibi akajibu, "Kwa miguu hii? Hicho kitu ndicho kingekimbia."
Walicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumatano, 9 Julai
Mwalimu wa Baiolojia kaniazima kitabu cha magonjwa. Nimekisoma wakati wa mapumziko, chini ya dawati. Kumbe katika nchi za baridi kuna kupe mdogo anayeambukiza ugonjwa, na baadhi ya watu hubaki miaka na miaka miguu ikiwaka na kufa ganzi kwa pamoja. Mishipa ya fahamu ikiharibika hutoa habari za uongo. Inatangaza moto pasipo na moto. Penye chuma inanyamaza.
Hilo ndilo jibu! Nilitembea kwa furaha njia nzima. Halafu nikaona aibu. Nafurahia nini?
Jioni nilikagua mbuzi wetu wawili. Kupe kumi na tisa, nimewatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Bibi aliuliza wa nini. Nikasema wa shule.

Ijumaa, 11 Julai
Nimechora ramani. Bibi alisimama juu ya karatasi, nikazungusha penseli. Kisha alifumba macho, nami nikapitisha unyoya wa kuku. Asiposikia naweka alama ya mkasi. Alikuwa anaotea. "Hapo!" anasema, na mimi unyoya bado niko nao hewani.
Nyayo zote mbili zimejaa mikasi. Ganzi inapanda na kuishia juu ya vifundo, sawasawa kila mguu, kana kwamba amevaa soksi. Ajabu sana. Kwa nini iwe sawa? Kupe hakumuuma miguu yote miwili mahali pamoja.
Kwenye kisigino cha kulia kuna tundu langu. Halijaziba. Limekuwa kubwa, kingo nyeusi. Bibi hajui.

Jumapili, 13 Julai
Nilimwomba akanyage udongo na kandambili. Alinitazama kama nimemwambia aende kanisani na jembe. Nimesafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikisingizia namkanda. Najichukia.

Alhamisi, 17 Julai
Mguu umevimba. Unanuka. Sasa kila mtu amekiona kidonda, na Mama Subi anasema ushahidi ndio huo: kile kitu alichokikanyaga kimejitokeza chenyewe kisiginoni, maana bibi hakumbuki kujikata wala kuchomwa. Jumamosi mganga atakuja kukitoa. Atachanja kwa wembe kuzunguka kidonda.
Bibi ambaye alicheka amekubali. Anaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa.
Ushahidi wao ni mimi. Nikinyamaza, anaweza kupoteza mguu. Nikisema, nampoteza bibi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimesema. Asubuhi, jikoni, nikiwa na sare za shule. Nilimwekea bikari mapajani na ramani juu yake.
"Bibi, hicho kitu ni mimi."
Nilieleza yote. Uji ukafurika.
"Ulinichoma, nami nikaendelea kulala?"
"Ndiyo, bibi."
Hakunipiga. Aliutazama mguu wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akasema nimletee gauni la kanisani.
Bodaboda moja, sisi wawili nyuma, hadi hospitali. Daktari aliitazama ramani kwa muda mrefu. Akauliza nani kachora. Bibi akasema, "Ni huyu. Na ndiye aliyenitoboa." Nilitamani ardhi inimeze.
Nilitoa pia chupa ya kupe. Daktari alitabasamu. Ugonjwa ule hajawahi kuuona huku, akasema, lakini swali langu ni zuri, maana mishipa inaharibiwa na mambo mengi. Ganzi ya soksi pande zote mbili humfanya yeye atafute sukari kwanza. Akamchoma bibi kidole cha mkono.
"Aa! Hicho kinasikia!" bibi akapiga kelele.
Kisukari. Sukari iko juu sana. Kidonda hakijafika kwenye mfupa. Amelazwa.

Jumanne, 22 Julai
Wodini. Uvimbe umepungua. Mama Subi alileta ndizi na hakusema lolote kuhusu mganga. Bibi anawasimulia wagonjwa wenzake kwamba mjukuu wake alimpima akiwa usingizini. Kila siku bikari inarefuka. Leo imefika urefu wa msumari wa mtumbwi.
Ukurasa wa kwanza nimeupitia kwa kalamu ya wino.

Jumamosi, 2 Agosti
Tumerudi nyumbani tangu Jumatatu. Kidonda kinafunga. Bibi amekatazwa kwenda pekupeku maisha yake yote. Anavaa viatu vyeusi vya kufunika, na hajavizoea. Moto kati ya vidole bado upo, ila anasema makaa yamepungua. Kila jioni nakagua nyayo zake, moja baada ya nyingine, na kuandika.
Leo alikaa kwenye kigoda kando ya udongo. Akaniambia nivue viatu.
Udongo ulikuwa wa baridi. Nilifumba macho.
"Unasikia nini, Atu?"
Mwanzoni hakuna. Halafu kitu kidogo, chini ya kidole cha mwisho. Nilijaribu kukitoa kwa mguu, nikashindwa, nikainama na kukitoa kwa mkono. Nilikiweka kwenye kiganja chake. Alikigeuza geuza, akakitupa.
"Zipo changarawe nyingine," akasema.
Niliendelea kukanyaga.