Udongo wa Kulinganishia

Jumapili, 3 Machi

Mkuu wa maabara anataka udongo wa kulinganishia — udongo safi, usiowahi kuguswa na tope la majitaka tunalolipima kama linafaa kuwa mbolea. Gari la ofisi bovu. Basi nimechota kwa mama, nyuma ya jiko, penye nyanya zake. Akacheka: kwani huko kwenu udongo umekwisha?

Mdogo wangu yuko kwa mama, tumbo limeshuka, anasubiri kujifungua. Akauliza udongo wa nini. Nikamweleza: tuna bakteria wasioweza kuota bila chakula chao maalumu. Hatuwapi. Tunawatilia maji yaliyokamuliwa kwenye udongo. Kukiwa na kemikali inayobadili vinasaba, baadhi wanageuka, wanaota, inatokea nukta. Nukta zikijaa, udongo mbaya. Akasema, lo, dada, na mshahara wanakupa! Akaendelea kula nyanya yake kwa chumvi.

Jumatatu, 4 Machi

Tumepanda bakteria kwenye visahani. Tope lenyewe, udongo wa shamba lililowekwa tope, udongo wa mama. Kazi tu. Harufu siisikii tena, mwaka wa ngapi sijui. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, anasema pua yangu imestaafu kabla yangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua kabati la joto. Tope — nukta kama vipele vya joto. Tulitarajia. Udongo wa shamba, nyingi. Udongo wa mama, nyingi vilevile.

Nilidhani nimechanganya alama. Sikuchanganya. Visahani vya maji matupu vina nukta chache, kama kawaida, kwa hiyo kosa si letu. Miwani akahesabu upya, akapata zilezile.

Nadhani ningepaswa kulia. Nimenawa mikono, nikanywa chai.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu amefurahi! Shamba lenye tope halina tofauti na udongo wa kawaida, anasema, kwa hiyo tope ni salama, wakulima wagawiwe. Nikasema ule udongo wa kulinganishia una walakini. Walakini gani? Sijui bado. Basi kama hujui usinitilie mchanga kitumbua changu, kasema. Ripoti Jumatatu, na saini yangu chini.

Ndiyo, mzee. Ndivyo nilivyojibu! Nimekufa ganzi mpaka ulimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja kwa mama. Nikamuuliza kama mtu anayepitisha muda: mbolea unapata wapi? Kwa dereva wa lori la mtambo wa majitaka. Anawamwagia majirani wote, msimu wa pili huu. Nyeusi, hainuki hata kidogo. Cha bure nani anakataa? Na nyanya zilivyonenepa, we tazama!

Kisha chakula. Mchuzi mwekundu, mzito. Mdogo wangu akaongeza, akaongeza tena; mama anamsifu, anakula kwa wawili. Nilitakiwa kusema palepale. Mdomo mzito. Nikasema nimeshiba, nikasukuma sahani, nikaingia chumbani.

Naandika kitandani. Nje vijiko vimenyamaza. Sasa mdogo wangu anabisha mlango. Dada, mbona hukula? Nimejibu tumbo linanisumbua.

Hajaondoka, naona vivuli vya miguu yake chini ya mlango. Mama anamwita, chakula kinapoa. Vivuli vinasogea karibu zaidi. Anauliza tena, taratibu, mama asisikie: dada, ule udongo wa hapa umeonyesha nini?